Sanduku, Meza au Chumba: Vitabu Kuukuu Vilale Wapi?

Mtu akitaka kuuza vitabu vilivyotumika karibu na bahari, kwanza hutafuta pahala penye wapita njia. Hakosei, lakini si hapo biashara hii inapofia. Inafia usiku. Kitabu hukaa mbele ya macho ya watu saa sita au saba kwa siku. Saa zilizobaki kimo gizani, na hewa ya visiwa hivi vya Unguja na Pemba haikiachi salama. Kwa hiyo njia tatu tunazozilinganisha hapa, yaani sanduku juu ya ukuta wa bahari, meza ya kukunja, na chumba cha chini chenye baraza, tunazipima kwa swali hilo kabla ya mengine: vitabu vitalala wapi?

Kando ya maji kuna nini

Mnunuzi wa vitabu kuukuu mara nyingi hajui anachokitaka mpaka akutane nacho. Anatoka kuswali alasiri, anapita pwani kupunga upepo, jicho linatua kwenye mgongo wa riwaya aliyoisoma skuli miaka thelathini nyuma, anasimama. Anaivuta, anafungua ukurasa wa mwanzo, anakuta jina la mtu kwa wino wa buluu na mwaka 1981. Bei hajauliza bado, lakini kitabu kimeshamshika. Dukani mtu huingia kwa haja yake. Ukutani, njia ndiyo inayomleta. Huo ndio mtaji wa muuzaji wa kando ya maji, na ndiyo sababu tunaona inafaa kuhangaika na chumvi, jua na mvua badala ya kutuma picha za vitabu kwa simu na kungoja.

Unguja hatuna mto mkubwa unaopita mjini, ila Darajani ni jina lililobaki la daraja lililovuka hori, ule mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla ya kujazwa kifusi. Chake Chake mpaka leo imekaa juu ya hori lake. Tunaposema kando ya maji, basi, tunasema Forodhani, Mizingani, Malindi bandarini, na kule Pemba njia za kushukia Mkoani na Wete.

Sanduku

Wengi wanaotamani sanduku wameona picha za wauza vitabu wa mto Seine mjini Paris. Wanastahili kuangaliwa kwa makini, maana wamedumu. Ni zaidi ya watu 200, wenye masanduku karibu 900 yaliyopangwa juu ya kuta za mto kwa urefu wa zaidi ya kilomita 3, ng'ambo zote mbili. Kila mmoja ana nafasi isiyozidi mita 8 na masanduku yasiyozidi manne, ya rangi ya kijani iliyoiva kama mabehewa ya zamani. Sanduku lina urefu wa mita 2, na kifuniko kikiwa wazi ukingo wake wa juu hautakiwi kupita mita 2.10 kutoka chini.

Zamani walilazimika kubeba kila kitu jioni. Mwaka 1891 mji uliwaruhusu kuacha bidhaa ukutani usiku, ndani ya masanduku yaliyofungwa, na tangu hapo kazi ikawa ya namna nyingine: hata mzee anaiweza, kwa sababu asubuhi hana cha kubeba ila funguo. Kodi ya nafasi hawalipi. Badala yake wanabanwa na masharti: kufungua si chini ya siku nne kwa wiki, na katika masanduku manne, moja tu ndilo linaloweza kuwekwa vikumbusho vya watalii. Walipotakiwa kuondolewa kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya 2024, walipinga wakisema mbao kuukuu hazitastahimili kung'olewa, na Februari mwaka huo Rais Macron akaamua wabaki.

Sharti hilo la moja kwa nne tunalipenda kuliko mengine, na tunashauri lifuatwe hapa hata kama hakuna anayekulazimisha. Vikumbusho huuzika haraka. Wiki ya kwanza unaweka shanga kidogo, mwezi wa tatu vitabu vimebaki nyuma ya sumaku za friji, na yule aliyekuwa akija kwa vitabu hapiti tena.

Sasa lilete sanduku hilo kwenye ukuta wa bahari wa Mji Mkongwe. Kwa jua, linafaa kuliko hata kule lilikotoka. Pwani yetu inaelekea magharibi. Mnunuzi anasimama upande wa nchi kavu, na kifuniko kilichonyanyuliwa upande wa bahari kinakata jua la alasiri lisipige vitabu. Kwa upepo wa kusi pia uko salama kiasi, kwa kuwa unatokea kusini mashariki, juu ya mji. Shida ni upepo wa kaskazi. Kifuniko cha mita 2 ni tanga, na upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Weka vishikizo viwili vya mbao, kila upande kimoja, pamoja na mnyororo mfupi. Kishikizo kimoja katikati hupindisha kifuniko, na bawaba hung'oka upande mmoja.

Tofauti kubwa na Paris ni chumvi. Maji ya Seine ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, bahari iko mbali. Hapa matone yasiyoonekana hutua juu ya majalada mchana kutwa, na chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wetu hukipita karibu mwaka mzima. Kitabu kilichofungiwa na chumvi yake kinajilowesha chenyewe. Kuvu nayo haihitaji hata kiasi hicho. Ikishapita asilimia 65 hadi 70, kwa siku nyingi mfululizo, inatosha.

Kwa hiyo sanduku la hapa lisiwe la bati tupu. Bati hupoa haraka usiku, mvuke ukaganda chini ya kifuniko, na alfajiri unadondokea vitabu. Tumia mvule, mtiki, au plaiwudi ya baharini ya milimita 18, na bati kama unalitaka liwe juu ya ubao. Kwenye kila ubavu toboa tundu nne za milimita 20, mbili chini na mbili juu, uzibe kwa wavu mwembamba. Hewa iingie, mende asiingie. Ndani weka chanja la vipande vya mbao, sentimita 3 kutoka sakafuni, vitabu visikalie ubao. Kifuniko kipite ukingo kwa sentimita 4 na kiinamie baharini kikiwa kimefungwa. Bawaba na skurubu ziwe za shaba. Za chuma hushikana kutu mapema mno. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Kijani kile cha Paris kinapendeza, ila kwa jua letu kinachemsha gundi ya vitabu vya majalada laini mpaka kurasa zinaachia moja moja. Na ndani usipake sifa, yale mafuta ya samaki. Inalinda mbao za majahazi, lakini karatasi hunywa harufu yake na haitoki tena.

Ukuta wenyewe usitobolewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa haziwezi kuvumilia bolti ya chuma: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na jiwe hupasuka kutoka ndani. Sanduku lisimame kwa miguu yake upande wa nchi kavu na liegemee tu ukutani, juu ya vipande vya mpira. Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia tangu 2000, kama kingo za Seine zilivyo tangu 1991, kwa hiyo kabla ya kununua hata ubao mmoja pita kwa mamlaka ya uhifadhi ya Mji Mkongwe na Baraza la Manispaa, ukiwa na mchoro wenye vipimo na rangi. Anayekwenda na mchoro husikilizwa kwa namna nyingine kabisa.

Angalia na bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Kaskazi ikikutana na maji hayo, mawimbi hupiga ukuta na kurusha matone hadi njiani. Siku hizo sanduku lifungwe kabla ya saa tisa alasiri, na turubai lifunike upande wa bahari. Saa ya kufunga ndiyo saa ambayo watu wanaanza kutoka, na inauma, lakini vitabu 200 vilivyorushiwa chumvi vinauma zaidi.

Hata likijengwa vizuri, sanduku ni la vitabu vinavyozunguka: riwaya za majalada laini, vitabu vya kiada, vitabu vya lugha. Kisichouzika kwa wiki sita kitolewe, kikapumzike pakavu. Riwaya za waandishi wa Unguja na Pemba zilizochapwa miaka ya 1970 na 1980 zisilale humo hata usiku mmoja. Karatasi yake imeshageuka rangi na inakatika pembe ukiikunja.

Meza

Meza ya kukunja ya mita 1.8 kwa sentimita 75 inabeba vitabu kama 60 vikilazwa jalada juu. Vikisimamishwa ndani ya kreti, kreti moja ya sentimita 50 na kidogo yenye safu mbili inachukua vitabu 50 vya unene wa sentimita 2. Kitabu kimoja cha jalada laini kina kama gramu 300, basi kreti ni kilo 15, mzigo ambao mtu mmoja anaubeba bila kuumia. Kreti sita ni vitabu 300 na kilo 90: safari sita asubuhi na sita jioni, au mkokoteni mmoja. Usizidishe hapo. Kreti ya saba ndiyo inayoachwa nje siku ya uchovu, na ndiyo inayonyeshewa.

Faida ya meza ni kwamba vitabu vinalala ndani. Tafuta stoo au pembe ya chumba isiyozidi mita 200 kutoka unapouzia, kavu, na uilipie hata kama ni ya jamaa yako, ili usiku mmoja usikute imejaa magunia. Kreti zisipandane zaidi ya tatu, na ya chini ikae juu ya mbao. Wanaofunika vitabu kwa nailoni usiku wakidhani wanavikinga, wanaufungia unyevu ndani. Shuka la pamba linatosha.

Jua ndilo adui wa meza. Asubuhi majumba ya mji yanakupa kivuli; kuanzia saa nane hakuna kinachokukinga ila mti au mwavuli. Wino mwekundu na wa manjano hukimbia kwanza. Jalada lililokuwa zambarau linabaki buluu, na mnunuzi akilinganisha mgongo na ubavu anaona, na bei inashuka. Geuza kreti kila baada ya saa mbili, na vitabu vyenye majalada mekundu viwe katikati.

Upepo hufungua majalada na kuyavunja kwenye mshono. Usivifunge vitabu kwa mipira ya kufungia, kwani kwa joto letu huyeyuka ikaacha doa la kahawia. Tumia utepe wa kitambaa, au ubao mwembamba juu ya safu. Mvua ya vuli haibishi hodi. Turubai la mita 2 kwa 3 likae limekunjwa chini ya meza, kamba zikiwa zimeshafungwa kwenye pembe zake, na ujaribu mapema: ikiwa huwezi kufunika meza nzima kwa dakika moja, punguza vitabu.

Kwa Forodhani kuna jambo jengine. Jioni bustani inakuwa ya vyakula, na moshi wa mishikaki na mafuta ya kukaangia hutua juu ya karatasi. Kitabu kikishashika harufu hiyo huuzika kwa nusu. Uza alasiri, ondoka kabla ya majiko kuwashwa, au usogee upande wa Mizingani.

Chumba na baraza

Chumba cha chini katika nyumba ya mawe kina kuta nene, hakina jua wala mvua, na baraza lake linafanya kazi ya meza. Watu wengi wanadhani ndiyo njia salama kuliko zote. Inaweza kuwa, lakini unyevu wa nyumba hizi unapanda kutoka ardhini kupitia ukutani, na ukuta uliopakwa saruji juu ya chokaa ndio mbaya zaidi: saruji inazuia maji yasipumue nje, yanapanda juu zaidi, na kuvu inaanza nyuma ya rafu usikoiona. Chagua chumba chenye lipu ya chokaa hata kama inabanduka. Rafu ziwe mbali na ukuta sentimita 10, ya chini kabisa iwe sentimita 20 juu ya sakafu. Nafasi hiyo ina kazi ya pili: mchwa hawezi kuivuka bila kujenga njia yake ya udongo, nene kama penseli, nawe utaiona ukipita na tochi kila Ijumaa kabla ya kufungua. Madirisha yafunguliwe asubuhi jua likishapanda, yafungwe kabla ya magharibi. Wengi hufanya kinyume, wakauingiza unyevu wa usiku kwa mikono yao. Kwa wadudu wadogo, karafuu zilizofungwa katika kitambaa zinasaidia kuwafukuza, ila zisiguse karatasi. Mafuta yake yanaacha doa.

Gharama ndiyo mtihani. Tuseme kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi na kila kitabu kinakuachia 2,000: vitabu 75 vya mwanzo kila mwezi ni vya mwenye nyumba. Kwenye meza, vitabu hivyo vingelisha nyumba yako. Halafu kizingiti chenyewe ni kikwazo, wako wanaoogopa kuingia kwa kudhani lazima wanunue. Dawa yake ni baraza. Weka nje kreti moja ya vitabu vya bei ya chini, nyingine isitoke, na uache nafasi ya watu wawili kukaa.

"Maalim, hiki kiasi gani?"

"Elfu tatu, mwanangu. Lakini kaa kwanza ukisome."

Anayekaa dakika kumi huwa hajali tena kizingiti.

Yaliyo sawa kwa njia zote

Safu isikazwe. Acha nafasi ya kidole kimoja kila vitabu 25, la sivyo mnunuzi atakivuta kitabu kwa kichwa cha mgongo na kukichana. Bei iandikwe kwa penseli laini ukurasa wa kwanza, juu kulia. Stika hubandua rangi ya jalada. Msahafu na juzuu zikae juu kabisa, peke yake, pasiwekwe kitu juu yake, na kamwe zisiwekwe chini, hata ndani ya kreti. Vitabu vya Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza vinavyoachwa na wageni hotelini hupatikana kwa wingi, na huuzika kwa wageni wengine pwani. Ila usiviache vizidi nusu, kwani mwanafunzi anayepita akiona lugha ngeni tupu hasimami.

Kitabu kikirowa maji ya bahari, kisuuze kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kikiwa kimefungwa. Chumvi ikibaki humo, hakitakauka daima. Kisha kisimamishe wima, kurasa zimepanuka kidogo kama feni, kivulini penye upepo, si juani. Pitisha karatasi nyeupe zinazonyonya kila kurasa 20 na uzibadilishe kila saa mbili. Una saa 48 kabla ya kuvu kuanza. Vitabu vya karatasi za kung'aa ndivyo vya kushughulikia mwanzo. Kurasa zake zikikauka zimegusana zinakuwa ubao, na hapo hapana la kufanya.

Kipi uchague

Pemba, tunasema meza, bila kusita. Mvua ni nyingi kuliko Unguja, wageni ni wachache, na wanunuzi wako ni wanafunzi, walimu na watu wa madrasa, ambao wana siku na saa zao. Meza inawafuata: Mkoani siku za meli, Chake Chake skuli zinapofunguliwa. Sanduku lingengoja tu.

Unguja, mwenye mtaji mdogo aanze na meza na kreti nne, kuanzia Juni masika yakishapita, ili apate miezi mikavu ya kujifunza. Sanduku ni la aliyekwisha kuuza mwaka mzima, mwenye kibali mkononi na pahala pengine pa kupumzishia vitabu vinavyochelewa. Chumba ni cha mwenye vitabu vya thamani, na mwenye uhakika wa wanunuzi wa kudumu kabla ya kusaini mkataba.

Na kabla ya kulipia chumba chochote au stoo, fanya hivi. Chukua kijiko kimoja cha chumvi laini ya mezani, kavu, ukimimine kwenye kisahani, ukiweke sakafuni karibu na ukuta wa nyuma, na ufunge mlango. Rudi baada ya usiku tatu. Chumvi ikiwa bado inamwagika, panafaa. Ikiwa imeshikana donge, utahitaji feni na rafu za mbali na ukuta. Ukikuta maji kwenye kisahani, mrudishie mwenye nyumba ufunguo wake.